Moto Nyuma ya Maziwa

Uani kwa Alasdair Rennie, fundi wa Hawick,
majokofu yamepangwa kama wagonjwa wanaongoja daktari,
vinywa wazi.
Novemba. Manyunyu yasiyonyesha wala kuacha.
Shekue katoa bahasha ya bili mfukoni,
mgongoni mwake hesabu kwa kalamu ya risasi:
wati arobaini na tano, theluthi ya kila saa,
ampea thelathini kwa siku, betri ya mia.
Siku tatu, anasema, tukijibana.
Miaka thelathini na moja kaendesha basi Dundee
bila kuchelewa kituo. Sasa anataka baridi ya ratiba.

Hili la kompresa ndilo, anasema.
Hata gari likilala ubavu, linapiga kazi.
Na jua? nauliza.
Paneli ipo juu ya paa,
na sote watatu, na fundi, tukainua nyuso.
Jua la huku mwezi huu ni mgeni wa kubisha hodi:
ukifika mlangoni, kashaondoka.

Alasdair akataja bei ya betri mpya
kwa sauti ya chini, kama anayeleta habari za msiba.
Kichwani nikaigeuza nauli:
Tanga, kwenda na kurudi, na kilo ishirini za mzigo.

Basi tulitazame tena lile la zamani,
lililokuja na gari.
Linakula vitatu: umeme wa kambini ukiwapo,
betri wakati injini inanguruma,
na gesi, tukiwa peke yetu.
Alasdair akapiga magoti kwenye tope,
akafungua dirisha dogo la ubavuni:
mwali mmoja, wa buluu, kama ukucha wa mtoto.
Huo, akasema, ndio unaogandisha.
Nikacheka. Kwetu, nikamwambia, moto huzaa majivu.
Akafikiri kidogo. Huu una masharti, akasema.
Gari lisimame sawa. Likiinama, linasusa.
Na upepo, mama. Uogopeni upepo.

Shekue hakunena neno mpaka Perth.

Usiku wa kwanza, nje kidogo ya Lairg,
ziwa upande huu, kondoo upande ule.
Nimeweka glasi ya maji mezani.
Yeye yuko nje na vibao vya kuegemeza magurudumu.
Bado?
Bado. Inua upande wako.
Sasa?
Umezidisha.
Hata maji yakatulia ukingoni, pande zote sawa,
nikagonga kioo mara mbili, kama abiria anayeshuka.

Ndani ya jokofu: maziwa, jibini,
vibua wawili waliofungwa gazetini,
na kopo la pilipili la dada yangu Mwanamkuu
lililovuka forodha ndani ya soksi.

Saa nane za usiku upepo ukashuka kutoka kaskazini.
Sikusikia kitu. Ndiyo shida
ya kilichokuwa hakina sauti: kikifa hakiagi.
Shekue alijua. Sijui alijuaje.
Koti juu ya pajama, tochi mdomoni,
ta, ta, ta, anabonyeza kiwashio,
na katikati ya ta na ta, matusi ya Kisambaa,
lugha aliyoihifadhi kwa ajili ya mashine.
Kisha akanyamaza.
Akarudi, miguu yake ikaitafuta yangu,
baridi kuliko wale vibua.
Kompresa, akasema gizani. Neno hilo tu.
Lala, nikamwambia.

Asubuhi maziwa yalikuwa baridi hasa.
Kwenye trei, kipande kimoja cha barafu,
ganda nje, ndani bado maji,
na povu dogo likitembea humo likitafuta njia.
Jua likabisha hodi.
Shekue akawahi mlangoni, miguu mitupu,
akakiinua kile kipande kwenye mwanga kwa vidole viwili,
akakikagua mbele na nyuma, bila haraka,
kama tiketi.