Vipimo vya Joho

Kifua arobaini na mbili, bega kumi na sita,
urefu hadi chini ya goti:
hivyo ni vya Mama Anyelwisye, kitenge cha ubarikio wa mjukuu.
Chini yake, kalamu ileile:
*Kimondo akatua Tukuyu saa kumi na moja alfajiri.
Mvua ilikuwa inanyesha.*

Bila shaka ilikuwa inanyesha.
Anayetaka jua akaandikie Dodoma.

Jina lake la kwao silijui sawasawa.
Yule anayeingiza Kiswahili kwenye flashi, mwenye kikohozi,
ndiye aliyembatiza Kimondo, nasi tukaitikia,
maana kimondo tunakifahamu: kiko Mbozi,
kizito, cheusi, kilianguka na hakikuruka tena,
na hakuna aliyekilaumu.

Mimi ni fundi cherehani.
Wenzangu wanatazama ngumi, mimi natazama pindo.
Msimu wa kwanza joho lilikuwa na bitana.
Wa pili wakabana matumizi: ile ni satini ya mapazia,
naijua inavyofumuka ukiikata kona.
Anatupwa kwenye ghorofa, anaburutwa lamini,
sehemu inayofuata joho zima, limepigwa pasi.
Nani kashona?
Misimu mitatu, hawajatuonyesha mtu ameinama na sindano.

Basi nikamwandika.
Anaitwa Subilaga. Mguu mmoja mfupi,
hivyo hata cherehani yake inachechemea: ta-taa, ta-taa.
Anamwambia shujaa, "Simama wima. Usipumue."
Na yule anayeinua mabasi kwa mkono mmoja
anasimama wima, hapumui.

Tunaosoma daftari hili tuko wanne.
Ambokile wa chipsi hulirudisha na mafuta.
Mwalimu Lutengano husahihisha kwa wino mwekundu:
"Kwa kasi hiyo, hapa hadi kilele cha Rungwe ni sekunde tisa,
wewe umempa dakika nzima."
Nikamjibu pembeni: *alikuwa anapanda.*
Tusekile anataka aolewe yule mwanahabari.
Mimi sitaki.
Wiki mbili hatukusalimiana kisimani
kwa ndoa ya watu wasiokuwepo.
Mama yake alidhani ni deni, akaniletea ndizi za kusuluhisha.
Nilizipokea.

Kisha ile sehemu ya daraja.
Banda limejaa, miguu imelowa, harufu ya makoti mabichi,
mdogo wake Kimondo yuko katikati, nguzo zinatikisika,
umeme ukakatika.
Tulikaa gizani tukingoja, kisha tukaenda kulala.
Siku tatu umeme haukurudi.
Siku tatu, Tukuyu nzima, kijana yule alikuwa hai.

Uliporudi, walimuua kwa dakika moja na nusu
ili kaka yake apate hasira ya kupigania.
Ambokile akasema, hadithi ndivyo zilivyo.
Huenda.
Lakini mimi nimewahi kupokea simu kutoka Chunya,
duara limeshuka, na watu kumi na moja ndani,
na hasira yangu haikuinua hata jiwe.

Kwenye daftari langu umeme haujarudi.
Mdogo wake anakaa kwa Subilaga, chumba cha uani,
anatoa nyuzi za mshono, anachemsha chai,
anakosea vifungo, anacheka.
Hana nguvu yoyote. Nimekataa kumpa.
Lutengano ameandika, *Haiwezekani*,
akafikiri, akaikata kwa rula.

Jana Mama Anyelwisye amekuja kuchukua gauni.
Halijaguswa. Nikajifanya natafuta mkasi.
Akafungua daftari, akavuta miwani, akasoma
vipimo vyake, kisha vya mwanamume: kifua hamsini na nne,
joho, mita tano na robo, jekundu.
"Huyu mkubwa hivi ni wa wapi?"
"Mgeni."
"Ametoa advansi?"
"Bado."
"Basi anza na langu."