Damu ya Mzee

Mlima ulio nyuma ya nyumba yangu, hapa Al-Khuwair,
hauna namba.
Nimeitafuta. Miaka thelathini na moja
kila rangi niliyoigusa ilikuwa na namba yake,
kama gari, kama mfungwa.
Mteja alipopiga simu kutoka Sohar
kuuliza mbona kijani cha maziwa yake kimepauka
nilimtajia tarakimu, akanyamaza.

Kazi yangu mnaijua.
Lile boksi la tishu lenye wimbi la samawati,
juu ya dashibodi za teksi, juu ya meza za benki,
ni mimi niliyelichora.
Mwanzoni wimbi lilikuwa kubwa, lina povu, lina hasira.
Wakasema lipunguze. Nikalipunguza.
Wakasema jina la kampuni liongezwe. Nikaliongeza,
hata bahari ikabaki mkunjo mmoja wa shuka
na jina limekaa juu yake kama mwenye nyumba.

Siku aliyozikwa Mundhir
wanawake walijaa ukumbini hadi kwenye ngazi.
Mtu akanisogezea boksi. Nikachomoa karatasi,
nikachomoa nyingine,
nikaliona wimbi langu, upande wa kushoto,
pale mkono uliponiteleza mwaka ule
na hakuna aliyelijua kosa ila mimi.
Nikacheka. Katikati ya matanga.
Ghaniya akanibana kifundo cha mkono,
akawaambia watu nimechoka.

Kisha eda: miezi minne na siku kumi,
na dirisha la jikoni.
Mlima upo pale, hauna jani hata moja.
Saa moja asubuhi ni ini la mbuzi.
Adhuhuri hauna rangi kabisa, umeungua.
Na jioni, kama dakika kumi kabla ya adhana,
unageuka kitu ambacho nilikijua
na sikulikumbuka jina lake.

Eda ilipokwisha, mashoga walinitaka twende Madina.
Nikasema nitakwenda.
Kwanza nikaenda Ruwi, kwa Biju muuza madaftari,
nikanunua turubai tatu, brashi, tyubu saba za rangi.
“Mwanafunzi ana miaka mingapi?” akauliza, akifunga.
Sitini na tatu, nikamwambia.
Akaongeza kifutio bure.

Naosha brashi kwenye ndoo ya maji ya kiyoyozi.
Joto la Juni hukausha rangi kabla sijajuta.
Na kidole changu cha kushoto, masikini,
bado kinatafuta kile kitufe cha kurudi nyuma,
kinagonga ukingo wa meza, kinagonga,
nacho kilichopakwa kimekwishapakwa.

Mama hakujua namba za rangi.
Alizaliwa Wete, akafia Al-Khoud,
na kijivu chake kilitoka jikoni,
manjano yake ilitwangwa,
kahawia aliinywa bila sukari.
Baba alikuwa maji ya kunde.
Na kanzu yake ya kutokea, ile ya Idi,
iliyonifungia njia kabatini kila nilipojificha,
ilikuwa damu ya mzee.
Nilimuuliza: mzee gani? Alitokwa damu wapi?
“Nitungie uzi,” akasema, akanipa sindano.

Hilo ndilo jina.
Lilinijia nikiwa na brashi mdomoni,
adhana imekwisha, mlima umezama gizani.

Turubai ya kwanza mjukuu wangu Shadha aliitazama kwa adabu:
“Bibi, hii ni halua?”
Ya pili niliifunika kwa nyeupe yote.
Ya tatu ipo ukutani, imeegemea friji,
bado nagombana nayo. Ina nyekundu, ina kahawia,
nimetia hata bizari ya jikoni, Mungu anisamehe.
Haitulii.

Jana nilijikata kwa ukingo wa tyubu.
Tone moja. Nikalipaka pembeni, chini,
mahali ambapo zamani ningeweka jina la kampuni,
nikarudi nyuma hatua mbili kutazama.

Siyo.
Nyekundu mno, bado.