Chumba cha Chini, Tallinn

Vikorokoro vyetu tulivitupa humu miaka tisa:
printa zilizokohoa wino, simu zilizovimba betri,
nyaya zilizofumana kama mizizi.
"Tutaviona kesho," alisema meneja. Kesho ikaota kutu.

Leo Urve kaleta mizani, daftari na kalamu nyekundu.
Kila kifaa kina namba, uzito, jina la mkabidhi,
la mpokeaji, na risiti lazima irudi,
maana mwaka juzi lori lilituambia linakwenda Tartu,
mzigo ukazuka jalalani Lagos, nembo yetu kifuani.

Diski anazitoboa mwenyewe kwa keekee, matundu matatu.
Ya marehemu Kaarel anaishika kitambo,
anaipima. Gramu mia sita na kumi.
Anaandika.

"Hii toboa wewe."