Funguo Zenye Njuga

Hakimu ameniuliza swali moja tu, mara tatu,
kwa sauti ile ile ya mtu anayesoma risiti:
Ulijua kwamba alikuja na gari?

Nilijua theluji ilikuwa imefika magotini.
Nilijua basi la mwisho la kwenda Rumoi
hupita saa tatu kasorobo, halimngoji mtu.
Nilijua Bwana Nukina hali samaki wa chumvi,
hupenda figili iliyochemshwa hadi ikalegea,
na kwamba tangu mkewe aondoke
birika la pili hulinywa akiongea, la tatu amenyamaza.

Funguo alizitua kaunta, kando ya vijiti vya kulia.
Zilikuwa na njuga ndogo ya hekaluni,
ya kukinga ajali.
Kila nilipofuta kaunta nilizisogeza,
nazo zikalia.
Nilifuta kaunta mara nyingi usiku ule.

Wakili amenikataza kuyasema hayo.
Aliyeshika usukani ni mwingine, asema,
naye amekwisha kufungwa, miaka kumi na miwili;
mkono uliomimina haukukanyaga mafuta.
Anataka nifunike kombe.
Lakini kombe lenyewe ndilo lililonifikisha hapa.
Sheria yetu ina mkono mrefu:
humgusa aliyepanda kiti cha pembeni akasinzia,
humgusa na aliyesema karibu tena.

Nilisema karibu tena.
Nikainama, kama ninavyomwinamia kila mteja,
nikazima taa ya nje, nikahesabu mauzo.
Yeni elfu mbili mia nane, pamoja na figili.

Binti aliitwa Honami, miaka kumi na sita,
alitoka kwenye mazoezi ya tarumbeta.
Gazeti liliandika umbali kwa mita,
kutoka kiatu hadi kiatu.
Ile tarakimu niliifunika kwa kidole,
nikasoma habari iliyobaki, hata hali ya hewa.

Mama yake ameketi safu ya pili. Usoni hanitazami.
Anatazama mikono yangu
kama mtu anayetafuta kilipomwagikia kitu.

Sasa karani anapanga vielelezo mezani:
picha, kipimo cha pumzi, daftari langu la madeni,
kisha mfuko mdogo wa plastiki
ambao, alipoutua,
ulilia.

Hakimu amefungua kinywa kuniuliza mara ya nne.
Ndiyo, nimesema, hajamaliza.
Nilikuwa nikizisogeza.