Kiti cha Mwisho

Mwaka wa kwanza Mlimani nilipewa nafasi ya maiti.
Dakika arobaini juu ya mkeka, shuka la bweni ndiyo sanda,
na inzi mmoja aliyekataa kuigiza.
Mwalimu Kiwelu akasema: "Umekufa vizuri,
ila kidole gumba cha mguu kilikuwa kinasikiliza."

Huyo ndiye aliyetufundisha kupumua upya,
sisi tuliodhani tunajua tangu leba.
Alimketisha Bi Siwema mfagizi kiti cha mwisho,
ufagio magotini, akatuambia:
"Asiposikia yeye, hamjasema."
Bi Siwema hakuwa na huruma. Aliinua mkono:
"Mwanangu, maneno yako yanaishia safu ya tatu."

Baba hakugomba. Aliuliza mara moja tu,
akichuja chai: "Na ukimaliza, unakuwa nani?"
Nikasema, "Yeyote."
Akacheka kidogo, akatia sukari ambayo huwa hatumii.

Nilimaliza. Nikawa foleni.
Usaili Kinondoni, ngazi za nyuma ya duka la vipuri,
wasichana hamsini, kikombe kimoja cha maji.
Kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba
hakuuliza naweza nini. Aliuliza nina wafuasi wangapi.
Nikamfikiria Bi Siwema: mmoja,
na hata yeye alikuwa kazini.

Nikapata tangazo la sabuni. Mkono.
Mkono wa kulia, kuanzia kiwiko,
ukisugua kola ya shati la mtu.
Mama aliita nusu ya mtaa wetu wa Mabibo,
wakajipanga mbele ya televisheni, taarifa ya habari ikapita,
na alipouona akapiga kigelegele:
"Ule! Ule! Tazameni alivyokunja kile kidole!"

Kisha Upanga, chuo cha madaktari,
wakatafuta watu wa kuugua kwa saa.
Nikaugua. Tumbo Jumatatu, moyo Alhamisi.
Siku ya habari mbaya, wanafunzi kumi na mmoja
waliingia mmoja mmoja kuniambia nina saratani,
nami nikasikia, mara kumi na moja, kwa mara ya kwanza.
Kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Wa saba aliitwa Masunga. Alisimama mlangoni,
akalitaja lile neno kama msomaji wa mita ya maji.
Nikatoka ndani ya ugonjwa, ingawa kanuni zinakataza,
nikamwambia: "Kaa kwanza. Vuta kiti.
Halafu nyamaza mpaka uone nimekutazama."
Akarudi nje, akabisha hodi upya.

Miaka minne. Juni, wodi ya wanawake,
Mama kitandani, kanga ya kijani imefungwa kichwani,
na daktari akaingia na faili.
Hakunikumbuka. Nilikuwa na nywele nyingine,
na uso niliowahi kumwonyesha haukuwa huu.
Akavuta kiti. Kikakwaruza sakafu.
Akakaa. Akanyamaza.

Nilijua mstari unaofuata.
Nilijua pumzi inakaa wapi,
nilijua machozi yanaanza na jicho la kushoto,
yalikuwa yakinipa elfu thelathini kwa siku.
Nikayatafuta.
Uso ukabaki wazi tu, kama jukwaa asubuhi
kabla mtu hajaja kufagia,
na ndani ya kiatu kidole gumba
kikaanza kusikiliza.

Mama ndiye aliyefungua kinywa. Sauti ndogo,
ikavuka vitanda vyote hadi cha mwisho, kando ya dirisha,
ambako mwanamke asiyetujua
aliacha kumenya chungwa.
"Sema tu, baba," alimwambia.
"Nimeona umeketi."