Ishirini kwa Ishirini

Napiga simu jioni, watu wakisharudi zamu.
Nina karatasi za halmashauri, kalamu mbili,
na chai inayopoa dirishani.
Nje ni Norwich, mvua ya Aprili. Basi la ghorofa mbili
linapita na taa zake zote, halina abiria hata mmoja,
kama nyumba iliyohama ikawaacha wenyewe.

Kazi yangu ni kuuliza kwa Kiswahili
yaliyoandikwa ofisini kwa Kiingereza.
Wakubali sana? Wakubali? Huna hakika?
Wapinga? Wapinga sana?
Mzee Kitoga alinijibu:
"Binti, mimi nakubali kwa kiasi cha kawaida."
Kuhusu tangawizi na kujifukiza akasema,
"Andika vyote. Barakoa navaa, na mvuke navuta.
Kwani nimekatazwa kuogopa kwa mikono miwili?"

Leo ni Bi Nabintu, wa kiwanda cha kuku.

Ugonjwa huenea vipi?
"Kwa pumzi. Na kwa vyumba visivyo na dirisha."
Dalili?
"Homa. Kikohozi. Pua kusahau kitunguu."
Mikono huoshwa muda gani?
"Sekunde ishirini. Kwangu ni Salamu Maria moja, polepole."
Mita mbili ni kiasi gani?
"Kitanda cha marehemu mume wangu. Miguu yake ilifika mwisho."

Ishirini kwa ishirini.
Sijawahi kumpa mtu alama hizo.

Sehemu ya pili: tabia.
Siku saba zilizopita, ulikaa mbali na wenzako kazini?

Nasikia mfuniko wa sufuria ukifunuliwa, ukafunikwa.
"Mkanda unakwenda, dada. Kisu changu, kisu cha Mreno,
kiwiko kwa kiwiko. Kuku hawajui mita."

Ulikwenda kazini ukiwa na kikohozi?

"Unaijua ile ya mapenzi na kikohozi, kwamba havifichiki?
Aliyeitunga hakusimama kwenye mkanda ule.
Sisi tunakificha.
Unapiga funda dogo la maji. Unangoja mashine ya barafu ingurume,
ndipo unakohoa nayo.
Isipongurumа, unakimeza, kama ulivyomeza matusi ya msimamizi.
Posho ya mgonjwa haifiki pauni mia kwa wiki.
Kodi yangu ni mia na arobaini.
Toa mwenyewe. Wewe ndiye mwenye kalamu."

Visanduku ni vitatu: Ndiyo. Hapana. Sijui.
Nageuza karatasi, labda kimechapwa nyuma
kile cha najua, lakini.
Nyuma ni peupe.

Najua watakavyoandika kule juu.
Uelewa: mzuri sana. Tabia: hafifu.
Pendekezo: waelimishwe zaidi.
Pembeni naandika hesabu yake, mia na arobaini kutoa tisini na kitu,
kwa Kiswahili, mahali ambapo hakuna atakayesoma.

"Na wewe," anasema, "nani anakuhoji?"

Hakuna.
Basi namwambia habari za Jumapili.
Shangazi alipanda ngazi zote zile na bakuli la samaki wa kupaka,
akapiga hodi. Mdomo wangu ukatangulia kabla yangu:
karibu.
Lugha gani hii, neno la kumpokea mtu
ndilo hilo hilo la kufuta umbali?
Aliingia. Barakoa tulizivua ili tule,
tukaziweka juu ya meza, karibu na chumvi,
na mimi, niliyeshika maswali yote haya,
nikafyonza miba mpaka usiku.

"Wapinga sana?" ananiuliza, kwa sauti yangu ya kazini.
Nakubali sana, nasema. Ndiyo maana naona aibu.

Anacheka. Kicheko kinamshika kifuani,
kinageuka, kinakwaruza,
halafu ghafla kimya:
kimya cha mtu aliyezoea kubana.

Nasikia anahesabu pumzi.

Kohoa, Bi Nabintu, namwambia.
Kohoa tu. Hii ni simu.