Karatasi ya Karanga

Wakaguzi wamefika saa tatu, matope ya Kadutu hadi magotini,
watatu, na barua yenye mihuri miwili
na sahihi iliyojikunja kama kamba iliyokatika.
Nimewapa viti. Nimewapa chai. Nimewapa rejista ya dawa,
hesabu ya vidonge, stakabadhi za mafuta ya jenereta,
hata daftari la mishahara, lenye aibu zangu mwenyewe:
miezi saba, vistari vitupu.

Kabati la kijani sijafungua.

Mkubwa wao, Bwana Ntakwinja, ana sauti ya mtu aliyelala vizuri.
"Mama Cibalonza, serikali haina macho mabaya.
Sisi tunasoma, hatusemi."
Namwamini, na hapo ndipo shida ilipo.
Hata yule wa mwaka ule alikuwa mtu mwema.
Alichukua dosie arobaini na tatu, akazifunga kwa kamba,
akatia sahihi, akasema atazirudisha baada ya Pasaka.
Pasaka ipi, hakusema.

Ikaja Novemba, mvua, umeme umekatika tangu Jumanne.
Nilishuka sokoni, nikanunua karanga za franka mia mbili
kwa mtoto mwenye beseni kichwani.
Nikala nikipanda. Kilima chetu hakikuachii pumzi ya kuongea,
kinakuachia ya kutafuna tu.
Penye taa ya kibanda cha simu nikakunjua koni
nitafute chumvi ya mwisho,
mwandiko ukanitazama.

Ulikuwa wangu.
Ile "k" yenye mguu mrefu. Ule wino wa bluu uliochuja.
Jina, umri, avenyu, jina la mume,
na chini, kwa kalamu nyekundu, lile neno
ambalo yule mama alinitamkia mlango umefungwa, redio imewashwa,
ili hata ukuta usikie muziki tu.

Nilirudi mbio. Mtoto na beseni lake, wapi!
Nani mwingine alikula karanga jioni ile?
Nani alilamba chumvi juu ya jina la mtu?

Niliimeza ile karatasi. Usicheke.
Sikuwa na kiberiti.

Bwana mkaguzi, hesabu sikufichi.
Nataka mhesabu. Ile miaka hamkuja kuhesabu
dawa zetu ziliuzwa dirishani, na wagonjwa wakapewa maji ya sukari.
Kwa hiyo usiku nne nimenakili kila dosie kwa namba,
moja hadi mia sita na kumi na mbili:
umri, ugonjwa, dawa, siku aliyorudi,
siku aliyoacha kurudi.
Majina yamebaki humo ndani,
na ufunguo haupo pale nilipozoea kuuweka.
Mkitaka kulinganisha, njoo wewe peke yako, keti hapa mbele yangu,
fungua moja, andika saa, soma, funga.
Simu iache mezani.

Kijana wake mmoja anacheka puani.
Ntakwinja hacheki. Anatoa simu, anailaza uso chini
kando ya sahani ya maandazi.
Anaomba mia mbili na sita.
Anasoma polepole, kidole hakigusi karatasi.
Anaifunga. Namba zinalingana, anasema, na anaandika hivyo.

Kisha, akivaa koti, bila kunitazama:
"Na yule mama wa karanga. Ulimwambia?"

Mvua imeanza tena juu ya mabati.
Kila Alhamisi yule mama hupita na ndizi zake, hunisalimu kwa jina langu,
huniuliza watoto, hunichagulia lile chane lililoiva sawasawa.
Hunidai nusu ya bei.

Nimejaza chai kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa.